Jinsi ya kumpima mtu aliyeua kabla hujamwita shujaa

Kila ikikaribia tarehe 20 Oktoba, Mashujaa Dei ya Kenya, ubishi unaanza upya, huyu anasema Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ni shujaa yule anasema ni muuaji, na hawafiki popote coz kila mtu keshachagua jibu kitambo. Mimi naamini kabisa mtu aliyeua anaweza kuwa shujaa. Ila kuna maswali ya kuuliza kwanza, na nitatumia Mau Mau, wale waliopigana na mkoloni Mwingereza Kenya miaka ya 1950, maana ndo kesi ngumu.

Anza na waliokufa, usianze na sababu. Sababu nzuri kila mtu anayo. Uliza aliyeuawa alikuwa nani, alikuwa na silaha? Mkwawa, chifu wa Wahehe, pale Lugalo (Tanzania ya leo) mwaka 1891 aliwapiga wanajeshi wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, waliomfuata nchini kwake na bunduki na mizinga, hapo sioni cha kubishania. Sasa nenda Lari, kule Kiambu, usiku wa 26 Machi 1953. Wapiganaji wa Mau Mau walivamia familia za homgadi (Waafrika waliolinda upande wa mkoloni) na za watu wa Luka Wakahangara, chifu wa zamani, nyumba zikachomwa watu wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto. Mtoto wa Lari hakumnyang'anya mtu shamba. Ukifika hapa usiruke, na tafadhali usiseme vita ni vita, kaa nayo kwanza hata kama inauma.

Halafu hesabu na upande wa pili, maana baada ya usiku ule homgadi na vikosi vya serikali walilipiza kisasi hapohapo Lari wakaua watu wengi tu, na miaka ile ya imajensi, hali ya hatari aliyoitangaza mkoloni, mkoloni huyo alinyonga watu zaidi ya 1,000. Mwaka 2013 Uingereza yenyewe ilikubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 kwa mateso ya kwenye kambi ambamo mkoloni aliwafungia watu. Anayekutajia Lari bila kutaja kambi hizo huyo hajali waliokufa, anatafuta ushindi wa ubishi.

Usiache hukumu wala sanamu ikuamulie. Kimathi alinyongwa Kamiti 18 Februari 1957 na kesi iliyompeleka kitanzini ilikuwa ya kukutwa na bastola na risasi, sio kesi ya kuua mtu! Mau Mau wakabaki marufuku hadi 2003, yaani miaka 40 ya uhuru wetu wenyewe, halafu 2007 Kimathi akawekewa sanamu katikati ya Nairobi. Alichofanya msituni hakikubadilika hata kidogo, waliobadilika ni wenye serikali.

Pia tenganisha mtu na kundi. Kuna waliopigana na askari, kuna waliochoma nyumba, kuna kina mama waliopeleka chakula na risasi msituni wakijua wakikamatwa wamekwisha, sasa ukiwapa wote jina moja utakuwa umemwonea mtu. Tafuta nani alikuwepo, nani aliamrisha.

Ukishapata jibu lako, lijaribu: je, unaweza kulisema mbele ya mzee aliyefiwa na mama yake Lari, na pia mbele ya mzee aliyehasiwa kambini? Langu ni hili, na niko tayari kulisema mbele ya wote wawili: waliokabiliana na bunduki za mkoloni kule misitu ya Nyandarua ni mashujaa wangu, waliofunga milango ya Lari kwa nje wakawasha moto siwaiti hivyo, hata kama kiapo cha Mau Mau walikula kimoja.