Kutoka Kwenye Ajira Hadi Kuishi kwa Riwaya za Mapenzi

Usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu tu mchapishaji amekubali mswada wako wa kwanza. Nchini Marekani, malipo ya awali, yaani fedha ambazo mchapishaji humtangulizia mwandishi, hutolewa kwa mafungu: moja mkataba unaposainiwa, jingine mswada kamili unapokubaliwa, na mara nyingi la mwisho kitabu kinapotoka, wakala anayekuuzia mswada kwa wachapishaji naye kwa kawaida hukata asilimia 15 kabla fedha hazijakufikia. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa, hauanzi kulipwa mpaka mauzo yafidie malipo hayo. Kwa hiyo piga hesabu ya matumizi ya mwaka mzima, pamoja na kodi ya mapato na bima ya afya ambayo mwajiri hatakuchangia tena.

Julia Quinn, mwandishi Mmarekani wa riwaya za mapenzi, alikuwa amekwisha kuuza riwaya kabla ya kuanza masomo ya udaktari wa tiba katika Chuo Kikuu cha Yale, aliyoyaacha baada ya miezi michache ili aandike. Mwenzake Eloisa James ameandika riwaya kama hizo kwa miaka mingi huku akifundisha Shakespeare chuo kikuu, na sidhani kwamba huo ni woga.

Ukiwa bado kazini, kamilisha mswada wa pili na muhtasari wa riwaya ya tatu, kwani wasomaji wa mapenzi hupenda mfululizo wenye wahusika wanaofahamiana, na mhariri huenda akakuuliza kinachofuata kabla kitabu cha kwanza hakijafika dukani.