Kuhamia Linux ukiwa mtu mzima: anza na flashi, diski usiiguse kwanza

Wazee wenzangu, niseme ukweli tu, mi sikwenda Linux, yaani mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwa ujuzi, nilikwenda kwa sababu kompyuta yangu ilikataliwa. Windows 10 muda wake wa kawaida wa kupata apdeti uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, yangu haina hata kimoja. Sasa mashine inawaka, skrini nzima, kibodi kizima, eti niitupe? Hapana bana.

Historia sitaki kuwachosha nayo, ni kazi aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa bado mwanafunzi kule Ufini, ni bure, na iko ya aina nyingi sana watu wanaziita distro. Wengi wanapotelea hapo hapo, wiki nzima mtu analinganisha distro na kompyuta hajaigusa. Usilinganishe. Chukua distro ya Linux Mint, ile yenye muonekano uitwao Cinnamon, menyu yake iko chini kushoto kama ulivyozoea. Kama mashine ni ya zamani mno na RAM ni GB 2 tu, chukua ile yenye muonekano wa Xfce, ni nyepesi.

Kabla ya yote tafuta daftari na kalamu, nacheka lakini siko kwenye utani. Andika kila unachofanya kwenye kompyuta kwa wiki moja: barua pepe, picha, kuandika barua, kuprinti, benki. Utashangaa, karibu vyote viko ndani ya brauza, na Firefox ni ile ile. Faili za Word utazifungua kwa LibreOffice, ila zile zenye majedwali na mapambo mengi zinaweza kukaa vibaya kidogo. Photoshop yenyewe usiitegemee. Kama kuna programu moja inayokulisha na iko Windows tu, basi acha hiyo mashine ilivyo, usijitafutie balaa.

Kwenye daftari hilo hilo andika na mapaswedi. Yaani hapa ndo wengi wanalia, si kwenye Linux, brauza ilikuwa inakukumbukia kila kitu miaka 10, siku ukihama unaulizwa paswedi ya barua pepe unabaki kutazama ukuta. Daftari ukimaliza lifungie kabatini. Afu picha na nyaraka zote kopi kwenye diski ya nje, na usiishie kukopi, chomeka hiyo diski kwenye kompyuta nyingine ufungue picha tano sita uone zinafunguka kweli.

Sasa flashi. Iwe ya GB 8 kwenda juu na isiwe na kitu unachokipenda maana itafutwa yote. Nenda linuxmint.com ushushe faili la ISO, ndilo lenye Mint yote ndani, ni kubwa, karibu GB 3, liache lishuke. Kulikopi tu kwenye flashi haitoshi, mi nilifanya hivyo mara mbili nikadhani flashi mbovu, kumbe inabidi utumie programu ya kuliandika, balenaEtcher au Rufus, unachagua faili, unachagua flashi, unabonyeza, unasubiri. Angalia vizuri tu usichague diski ya picha zako.

Ukimaliza restati kompyuta flashi ikiwa imechomekwa, na ikianza tu kuwaka gonga gonga F12, kwenye nyingine ni Esc au F9 au F2, inategemea aliyeitengeneza. Itakuja orodha, chagua flashi. Baada ya dakika chache uko ndani ya Mint na diski yako haijaguswa. Cheza humo siku mbili tatu: waifai inashika? sauti inatoka? printa inaonekana? kamera je? Itakuwa nzito kidogo, usiihukumu, inasoma kutoka kwenye flashi. Na ukizima, ulichobadilisha kinapotea, kwa hiyo bonyeza kwa uhuru, ila mafaili ya diski yako usiyafute na ile alama ya Install usiiguse kwanza.

Ukiridhika ndo ubonyeze ile alama iliyoandikwa Install Linux Mint. Kuna kisanduku cha kodeki, yaani vinavyofanya video na muziki vicheze, kiweke tiki. Ikifika swali la diski soma mara mbili, kufuta yote au kukaa pamoja na Windows. Wengi wanashauri kukaa pamoja, mi kwa anayeanza sishauri, mambo yanakuwa mengi, lakini kufuta ni kufuta kweli, hakuna kurudi, ndo maana nilisisitiza ile diski ya nje.

Siku ya kwanza fanyia macho yako hisani. Ingia sehemu ya fonti kwenye mipangilio, ukubwa wa maandishi utoe 1.0 upeleke 1.3, halafu kwenye maus ongeza ukubwa wa mshale na upunguze haraka ya kubofya mara mbili, vidole vyetu si vya jana. Kuongeza programu usizunguke mitandaoni kutafuta mafaili ya exe, yale ya programu za Windows, hayatafunguka, kuna ghala la programu ndani ya menyu, unatafuta jina, unabonyeza, imekwisha. Ile ngao ndogo chini kulia ni ya apdeti, ikikuita iitikie. Ukilazimika kuandika paswedi kwenye ile skrini nyeusi ya kuandikia amri (terminal), huenda usione hata nukta moja ikitokea, kibodi hakijafa, andika tu ubonyeze Enter.

Na fungua programu ya Timeshift siku hiyo hiyo uipange ipige picha ya mfumo kila wiki, ukivuruga kitu unarudi wiki iliyopita. Ila inatunza mfumo tu, picha za wajukuu bado ni kazi ya ile diski ya nje.