Jinsi ya kupima vipokezi vya mshipa wa moyo uliokosa damu bila kudanganywa na utando wa ndani

Mshipa wa moyo ukikosa damu halafu ukarudishiwa hauwi ule ule tena, dawa iliyokuwa inaulegeza inaweza isifanye kitu kabisa, na ile iliyokuwa haiushtui inaubana kweli kweli. Sasa wengi wakiona hivyo wanaandika "vipokezi vimeongezeka", yaani zile protini za kwenye seli zinazopokea dawa. Subiri kwanza, inawezekana ni utando wa ndani tu (endothelium, tabaka la seli linalofunika ndani ya mshipa) umeumia.

Kwa mnyama aliyefungwa mshipa wa moyo kwa muda halafu ukafunguliwa, chukua mishipa miwili ya moyo huo huo, mmoja wa chini ya pale palipofungwa na mmoja wa upande uliokuwa unapata damu kama kawaida. Pia uwe na mnyama aliyepasuliwa bila kufungwa mshipa. Kata vipete vya kama milimita 2 ndani ya maji ya Krebs (maji ya chumvi na sukari yanayofanana na ya mwilini) ya baridi, na hapa nakuomba uende taratibu sana, kibanio kishike nyama ya nje tu, ncha ikiingia ndani ya tundu ukakwaruza mara moja umeshaua utando na hutajua. Watafiti Furchgott na Zawadzki walionyesha hilo mwaka 1980, mshipa uliokwaruzwa ulikuwa haulegei tena kwa asetilikolini, dawa inayolegeza mshipa kupitia utando.

Tundika vipete kwenye nyaya nyembamba za mashine ya kupimia mkazo, joto nyuzi 37, gesi ya oksijeni 95% na kabonidayoksaidi 5%, uache utulie kama saa nzima. Halafu upe mshipa potasiamu milimola 60. Hii inaubana msuli bila kupitia kipokezi, kwa hiyo ndo kipimo chako cha nguvu, majibu mengine yote ya kubana yaandike kama asilimia ya hiyo. Usiruke hii hatua jamani, bila hiyo mshipa dhaifu na mshipa wenye vipokezi vichache vinafanana kabisa kwenye grafu.

Baada ya kuosha, ubane tena kwa dawa nyingine, ongeza asetilikolini kidogo kidogo, osha, rudia kwa nitroprusaidi, inayolegeza msuli moja kwa moja bila utando. Ukilegea kwa nitroprusaidi ila ukagoma kwa asetilikolini basi msuli uko salama, tatizo liko kwenye utando na ile naitriki oksaidi yake, gesi ambayo utando huitoa kulegeza msuli.

Sasa vipokezi. Mimi napenda sarafotoksini 6c, asili yake sumu ya nyoka, inakamata kipokezi cha endothelini (kemikali ya mwili inayobana mishipa) aina ya B tu. Kipokezi hiki kikiwa kwenye utando kinalegeza, kikiwa kwenye msuli kinabana, kwa hiyo ukipima vipete vyenye utando peke yake hujui unaona kipi. Kwaruza makusudi baadhi ya vipete vya pande zote mbili, hakikisha kwa asetilikolini kwamba utando umetoka kweli, ndo uweke sarafotoksini. Kile cha upande uliopata damu kama kawaida kikikaa kimya na cha upande uliokosa damu kikabana, hapo sema msuli umebadilika.

Na angalia saa. Utando unaumia ndani ya dakika chache damu ikirudi, lakini msuli kutengeneza vipokezi vipya ni kazi ya masaa mengi, maana lazima jeni iwashwe kwanza. Kwa hiyo badiliko la dakika 15 usiliite vipokezi vipya, pima na siku ya pili.

Ukitumia endothelini yenyewe, kila kipete kipe mfululizo mmoja tu wa dozi, maana haioshiki kirahisi hata ubadilishe maji mara ngapi.