Unataka kupanga ushuani Dar? Soma hii kabla hujatoa kodi ya miezi sita

Watu wakitafuta apatimenti Masaki, Oysterbay, Mikocheni au Mbezi Beach wanaangalia vitu viwili tu, picha na kodi, halafu mwezi wa pili ndo kilio kinaanza. Mi nimepanga huku mara tatu na mara ya kwanza nilipigwa vizuri tu, kwa hiyo haya ni yale ambayo hakuna aliyenitonya.

Hela kwanza maana ndo inayouma. Tuseme tangazo linasema laki nane kwa mwezi. Usipige hesabu ya laki nane. Mwenye nyumba anataka miezi sita, wengine mwaka mzima, hapo tayari ni milioni nne na laki nane, dalali naye mwezi wake mmoja, laki nane nyingine, na wakidai dipoziti ya uharibifu ya mwezi mmoja unajikuta unaingia na 6,400,000 na hujanunua hata pazia. Omba kulipa miezi mitatu mitatu, wapo wanaokubali hasa nyumba ikiwa imekaa tupu siku nyingi, na utaijua tu, sinki lina vumbi na mlinzi anakuchangamkia kama mmesoma wote.

Dalali mtamalizana kabla hujapanda bajaji. Hela yake ya usumbufu ni mara moja au kila nyumba? Maana kuna wanaokuzungusha nyumba tatu mbovu makusudi, ukichoka na jua, ya nne ikiwa na tailizi zinazong'aa kidogo unatoa hela fasta. Na anayetaka utume advansi kwanza "asije akampa mwingine" wakati nyumba yenyewe hujaiona, huyo ni ukoo mmoja na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Masaki na Oysterbay ulikuwa ugonjwa wa kutajiwa kodi kwa dola, ukilipa kwa shilingi unapigiwa reti anayoijua mwenye nyumba peke yake. Mwezi wa tatu 2025 zikatoka kanuni zinazokataza bei za humu nchini kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Akikutajia dola mkumbushe kwa upole, na mkataba uandikwe kwa shilingi.

Sasa maji. Hapa ndo watu wa geti kali wanapoumbuka. Nenda na kipande cha sabuni mfukoni, sitanii, fungua bomba la jikoni unawe mikono. Sabuni ikigoma kutoa povu, hiyo ni chumvi ya kisima, ukanda huu wa karibu na bahari visima vingi ndo vilivyo, na maji hayo yatakula heater, yatakula bomba za kuogea, nguo nyeupe nazo zitakuwa za rangi ya chai. Uliza maji ya DAWASA yanakuja siku zipi, simtank ni lita ngapi na mnachangia wapangaji wangapi. Mwaka 2022 ule mgao Mto Ruvu ulipopungua, kuna maghorofa mazuri kabisa watu walikuwa wanapandisha ndoo kwa ngazi. Ukiwa ghorofa ya juu fungua bomba mbili kwa pamoja, ya bafuni na ya jikoni, uone kama presha inabaki.

Umeme ndo nilipopigiwa mimi. Nyumba ya Mbezi Beach, safi, ina jipsam, ina makabati, mama mwenye nyumba mpole anakuita mwanangu. Naweka umeme wa elfu ishirini, siku nne kwisha. Nikadhani ni friji. Siku moja nikazima kila kitu, meni swichi chini, nikatoka nje kuangalia mita, aisee namba inashuka! Kumbe nyumba ya uani, ile anayokaa mdogo wake na mafundi wa kuchomelea mageti, imeunganishwa kwenye mita yangu. Nimewachomeleshea watu mageti miezi miwili. Kwa hiyo siku ya kuangalia nyumba omba meni swichi izimwe, mwache dalali ndani, wewe nenda ukaitolee macho mita dakika tano.

Na pigia hesabu AC. Elfu kumi inatoa kama uniti 28 kwa matumizi ya kawaida, AC ya chumbani ikila uniti 6 tu kwa usiku hiyo ni zaidi ya elfu mbili kila unapolala. Pia tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, hiyo ni ya mwenye nyumba sio yako, mkubaliane mapema atakurudishiaje. Kwenye maghorofa yenye sevisi chaji usiridhike na kuambiwa jenereta lipo, uliza linawasha nini, maana mengine yanawasha lifti na taa za korido tu, wewe ndani unajipepea na gazeti.

Barabara na mvua haviko kwenye picha. Mikocheni kuna mitaa ya bondeni kuelekea Mto Mlalakuwa ambayo kiangazi ni paradiso na masika ni bwawa. Angalia ukuta wa fensi chini, ukiona mstari wa kahawia usawa wa goti usiulize ni nini. Muulize pia muuza genge wa pale nje, atakwambia ukweli kuliko dalali.

Foleni jaribu mwenyewe. Toka hapo saa moja asubuhi siku ya kazi mpaka ofisini kwako. Masaki kwenda mjini kulipata nafuu Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa 2022, ila ukiwa Mbezi Beach na kazi iko Posta, Mwai Kibaki na Bagamoyo zote utazijua kwa majina ya mashimo. Na rudi usiku wa ijumaa, hasa ukitaka karibu na barabara ya Haile Selassie yenye baa zake, usije ukagundua umelipia kulala baa.

Mkataba usisaini kwenye boneti la gari. Angalia ni nani anatengeneza nini kikiharibika, notisi ni ya muda gani, kodi ikipanda unaambiwa lini. Hela ipite benki au simu ibaki na kumbukumbu. Nenda pia ofisi ya serikali ya mtaa, watendaji wengi wanawajua wenye nyumba halisi, utajua kama huyo "bosi" ni mwenye mali au mpangaji mwenzio anayetaka kukukodishia, na hapo hapo unajitambulisha, siku ukihitaji barua usiwe mgeni.

Siku ya kukabidhiwa funguo piga picha kila ufa, kila soketi iliyolegea, na namba ya mita, mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Halafu mwite fundi abadilishe kitasa, maana dalali aliyekufungulia wewe ndo huyo huyo alikuwa anawafungulia wote waliokuja kuangalia kabla yako.