Liberated, liberating, liberatory: soma hapa kabla ya kuniuliza tena

Kila Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa ikikaribia, simu yangu hujaa hotuba na insha za Kiingereza za kurekebishwa, na kosa ni lile lile: kuchanganya maneno ya uhuru na ukombozi. Nimechoka. Haya.

Hatua ya 1. "Free" ni aliye huru, "freed" ni aliyeachiliwa. Watu waliopewa makao Freretown kule Mombasa walikuwa "freed slaves". Ukiandika "free slaves", msomaji atadhani unawagawa bure.

Hatua ya 2. "Liberal" si ukombozi. Iache.

Hatua ya 3. Hapa ndipo nilipoungua. "Liberated" ni yule aliyekwisha kukombolewa. "Liberating" ni kile kinachokomboa, au kinachokufanya ujihisi umetua mzigo. Niliwahi kuwaandikia akina mama wa chama kimoja Kayole ombi la ufadhili, nikafungua kwa "We are liberated women". Mfadhili akajibu kwa mstari mmoja: kama mmeshakombolewa, pesa ni za nini? Jioni mwenyekiti akanipigia: "Kijana, unajua hapa mtaani wanaoitwa hivyo ni wanawake gani?" Sikuwa na jibu. Basi kabla ya kuandika hiyo -ed, jiulize kama kazi imekwisha. Ukimsifu mwanamke, jiulize mara mbili.

Hatua ya 4. "Liberatory" ni chenye nia ya kukomboa, kifaulu kisifaulu: elimu, sanaa, siasa. Lingeniokoa siku ile.

MASWALI

Fundi wa Gikomba: Mwalimu, "liberated struggle" ni sawa?
— Hatua ya 3.

Fundi wa Gikomba: Nimesoma.
— Hujasoma. Mapambano hayakukombolewa, yalikomboa. Andika "liberation struggle", nomino mbili zikifuatana.

Binti Pangani: Na ukombozi wa pili, ule wa kudai vyama vingi Kenya, wa maandamano ya Saba Saba 1990? "Second liberation" yaweza kutangulia nomino nyingine?
— Swali tamu, dada. Yaweza, ila tia kistari: "second-liberation activists". Bila kistari, hiyo "second" huenda ikawarukia wanaharakati wenyewe. Na ukiwa hapo, "independence hero" ni shujaa wa uhuru; "independent hero" ni kama mgombea asiye na chama.

Mzee wa Kamukunji: Saba Saba ilikuwa kwetu, msisahau.
— Hatujasahau, mzee.

Binti Pangani: Simu yangu inapigia "liberatory" mstari mwekundu.
— Neno lipo. Libonyeze, uliongeze kwenye kamusi ya simu.