Somo: Kukaza sauti ya gitaa la metali kwenye amplifaya ya valvu

Wengi sauti ikitoka rojorojo, mkono wa kwanza unakwenda kwenye geini (kinobu cha kiasi cha mkwaruzo), wanaongeza. Hapo ndipo inapoharibika zaidi. Valvu (taa za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya) hukwaruza chochote kinacholetwa kwake, na besi, yaani sauti za chini, ndiyo yenye nguvu kuliko sauti nyingine. Ikiingia nyingi, valvu zinachelewa kujirudi, na ukibana nyuzi kwa kiganja unasikia mvumo badala ya mpigo. Dawa ni kupunguza besi kabla sauti haijakwaruzwa, kisha kuirudisha baadaye.

Hatua ya 1: gitaa lenyewe
Tumia pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa. Uzi mnene wa E hutetema hezi 82. Ukiushusha hadi C inakuwa hezi 65 hivi, na seti ya kawaida ya nyuzi za 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) inalegea. Weka inayoanzia 11, uzi mnene uwe 54 au 56. Uzi uliolegea hakuna pedali (kiboksi cha kubadili sauti kinachokanyagwa) itakayoukaza.

Hatua ya 2: shusha geini
Kwenye amplifaya kama Peavey 5150 au Mesa Dual Rectifier anzia 4 kati ya 10. Utaona sauti imekuwa kavu. Vumilia, hatua inayofuata itajaza.

Hatua ya 3: ovadraivu mbele ya amplifaya
Hapa ndipo penye siri. Chukua pedali ya ovadraivu (ya kusukuma na kukwaruza sauti) kama Ibanez Tube Screamer au nakala yake yoyote. Drive iweke 0, Level hadi mwisho, Tone katikati. Hatuitaki pedali ikwaruze, tunataka ichuje. Ndani yake kuna kapasita ndogo na rezista zinazofanya sauti za chini ya takribani hezi 720 zikuzwe kidogo kuliko za juu yake. Kwa hiyo valvu ya kwanza inasukumwa kwa nguvu, lakini kwa midi (sauti za kati), na besi inaingia kwa adabu. Piga rifu (kipande kifupi kinachorudiwa) ile ile pedali ikiwa imezimwa, halafu iwashe. Tofauti utaisikia kwenye mwisho wa kila mpigo, pale sauti inapokatika.

Hatua ya 4: vinobu vya amplifaya
Jua kwanza vinobu vya toni vimekaa wapi kwenye sakiti. Kwenye Marshall JCM800, 5150 na Rectifier viko baada ya hatua za kukwaruza, kwa hiyo besi unaweza kuirudisha hadi 5 au 6 bila woga. Mesa za familia ya Mark ni kinyume: toni iko mwanzoni. Huko besi inakaa 1 au 2, na unene unaurudisha kwa ile ekwalaiza ya vitelezi vitano. Bendi ya Metallica walitumia Mark IIC+ miaka ya 1980, na wanaoiga sauti hiyo kwa kukata midi peke yao chumbani hupotea kabisa ngoma zikianza. Midi isishuke chini ya 4.

Mwenye Rectifier achague diodi badala ya valvu za kunyoosha umeme kwenye swichi ya nyuma, na Bold (umeme kamili) badala ya Spongy (umeme uliopunguzwa). Umeme haulegei unapopiga kwa nguvu.

Hatua ya 5: geti ya kelele
Hiki ni kifaa kinachokata kelele usipopiga. Kiweke baada ya pedali ya ovadraivu. Kifunge haraka, lakini kisimeze noti ndefu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, sina Tube Screamer. Nina ekwalaiza ya Boss GE-7 tu.
Jibu: Inatosha kabisa, kaka. Iweke mbele ya amplifaya, shusha hezi 100 na 200, pandisha 800 kidogo, na Level juu.

Swali: Nikifanya hivi nikiwa peke yangu sauti inakuwa nyembamba. Nimekosea wapi?
Jibu: Hujakosea, dada. Unene wa chini ni kazi ya gitaa la besi. Ihukumu bendi nzima ikipiga, na ongeza volyumu kabla ya kugusa besi.

Swali: Kubadilisha valvu kunasaidia?
Jibu: Kidogo. Ukitoa valvu ya kwanza ya aina ya 12AX7 ukaweka ya aina ya 5751, kipimo cha ukuzaji kinashuka kutoka 100 hadi 70. Ila pedali kwanza.

Swali: Nimepata kichwa cha amplifaya (kisicho na spika) kilichotumika kutoka Marekani. Nichomeke tu hapa Dar?
Jibu: Usithubutu! Soma bamba la nyuma. Kama limeandikwa volti 120, tafuta transfoma ya kushusha kutoka 230 yenye wati nyingi kuliko zilizoandikwa pale. Spika iunganishwe kabla ya kuwasha, la sivyo unaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti. Na usifungue boksi hata ukishachomoa waya: kapasita za ndani zinaweza kubaki na mamia ya volti. Kazi hiyo mpe fundi.