Unatoka Malindi na skii zako kwenda Italia? Angalia haya kabla hujalipa tiketi

Kuanzia Disemba mpaka Machi hapa Malindi kuna watu wetu wanaoelekea Italia, huyu anamfuata mume, yule anapeleka watoto kwa nyanya yao mzaa baba, mwengine kaalikwa na bosi wake wa zamani, na siku hizi wako wanaokwenda na skii zao kabisa, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, walizoachiwa na wageni au walizorudi nazo safari iliyopita. Na si ajabu, Sabrina Simader aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya baridi ya 2018 kule Pyeongchang, Korea Kusini, kazaliwa hapo Kilifi tu. Sasa kama nawe umo safarini, kubwa la kushika ni kwamba mzigo wako unaamuliwa na ile ndege ndogo kuliko zote utakazopanda. Watu wanasoma masharti ya ndege ya kwenda Milan wanaona kilo 23 wanatulia, kumbe kazi iko kwenye kile kipande cha Malindi na Nairobi.

Njia ya kurukia ndege hapa kwetu ni fupi, zinazotua ni za pangaboi, nafasi ya mizigo ni ndogo. Zile ndogo za Wilson, ule uwanja mdogo wa Nairobi, za abiria kumi na kitu nyingi zinaishia kilo 15 kwa mtu, tena wanataka begi laini la kukunjika, sasa begi la skii la sentimita 180 utalikunja vipi? Ukitokea Lamu ndo hivyo hivyo, na ukumbuke kuna boti ya kukuvusha mpaka uwanja wa ndege wa Manda kwanza. Zile kubwa kidogo zinaweza kubeba ila tiketi ya bei ya chini mara nyingi haina hata begi moja la kuwekwa chini ya ndege, kwa hivyo piga simu siku kadhaa kabla, sema urefu na uzito, wakikubali waombe waandike kwenye bukingi yako na wakutumie kwa imeili manake maneno ya simu hayafiki kaunta. Na kama tiketi ya Malindi umekata mbali na ya Ulaya, jua utachukua mzigo mwenyewe Nairobi uupeleke upya kaunta nyengine yenye masharti mengine, na ukishukia Wilson ndo utafute teksi ambayo begi lako litaingia, ikupeleke JKIA, ule uwanja mkubwa wa kimataifa.

Mimi kwa maoni yangu bora Mombasa. Ni kama kilomita 120 kwa barabara, na pale uwanja wa ndege wa Moi unapata Ethiopian ya kupitia Addis Ababa au Turkish ya kupitia Istanbul, masharti ya mzigo yanakuwa ya kampuni moja mpaka mwisho. Panga na gari tu mapema. Skii kwenye tuktuk zinatoka nje pande zote mbili, na kwenye matatu zitapanda juu kwenye keria, hapo hakikisha umefunga kamba mwenyewe.

Haya, kilo. Skii pamoja na vile vyuma vya kushika kiatu ni kama kilo 5 mpaka 7, viatu 3 mpaka 5, fimbo mbili za kushika mkononi na helmeti tuseme kilo moja, na begi lenyewe la magurudumu nalo linakula kilo zake ambazo watu hawazihesabu. Mashirika mengi yanachukulia skii, fimbo na viatu kuwa mzigo mmoja, mengine unautumia badala ya begi lako la kawaida, mengine unalipia mbali, na mengi yanataka uwaambie kabla. Ila uwe vifaa vya skii kweli. Najua vile ukipata nafasi humo ndani mama atakwambia weka halua, weka achari ya maembe, weka leso za mawifi, na wakifungua kaunta wanaweza kukuhesabia mzigo wa kawaida wenye urefu wa kupita kiasi. Kipande kimoja kikipita kilo 32 mara nyingi hakipokelewi kabisa hata ukiwa na pesa mkononi. Kapime kabla, mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki inafaa sana, begi la skii unalining'iniza kwa mshikio wa katikati unasoma.

Na kabla ya yote hayo zitoe hizo skii uziangalie. Hewa yetu ina chumvi, ule ukingo wa chuma pembeni unashika kutu hata zikiwa ndani ya nyumba, na zikiwa zimekaa msimu mzima wa masika bila nta utakuta kutu imeshakula. Kulipia mzigo mrefu kwenda na kurudi kwa ajili ya skii za kutu ni pesa imepotea. Piga hesabu, gharama ya kuzisafirisha weka upande mmoja, kukodi kule kule mlimani kwa siku utakazocheza weka upande wa pili. Kwa mtu wa wiki moja mimi nasema kodi.

Viatu lakini beba vyako, tena kwenye begi la mkononi kama kilo zinaruhusu, kiatu cha skii kisichokukaa kinaumiza vibaya na cha kukodi kimeshavaliwa na miguu mingi. Pembeni ya kisigino utaona namba imechongwa, kwa mfano 305 mm, huo ni urefu wa soli, ipige picha umtumie mwenye duka pamoja na kilo zako na urefu wako, ndo anazotumia kurekebisha vile vyuma vifunguke ukianguka.

Fimbo haziingii ndani ya ndege, weka chini. Pawabenki na betri za spea za glavu za kupasha mikono joto ni kinyume chake, lazima ziwe mkononi, mwisho 100 Wh (kipimo cha nguvu ya betri) bila kuomba ruhusa. Dawa za kusafishia skii zinazoshika moto acha nyumbani.

Italia sasa helmeti ni lazima kwa watu wazima pia, tangu Novemba 2025, na tangu 2022 lazima uwe na bima ya kumlipa mtu ukimgonga mlimani. Ile bima ya viza usidhani inatosha, isome uone kama skii imetajwa.

Piga picha ya kila kitu pamoja na risiti, na jina lako na namba ya simu weka hata ndani ya begi. Ukifika, mizigo mirefu mara nyingi inatolewa kwenye mlango wake, sio kwenye mkanda. Ikiwa imevunjika au haikuja usitoke eapoti bila karatasi ya ripoti, manake kwa Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa abiria na mizigo ya ndege, una siku 7 za kulalamika kwa maandishi mzigo ukiharibika na siku 21 tangu uupate ukichelewa. Na siku ya kuondoka Kenya pitia kwa watu wa forodha uwaonyeshe skii zako waandike kwamba umetoka nazo, ukirudi usije ukaambiwa umenunua mpya ulipe ushuru.